Bei ya Kinanda cha Miguu Minne

Juzi nilipita kwa fundi mmoja wa viti pale Karatina nikitafuta stuli ya bei ya mtu kama mimi, nikakuta kinanda cha zamani kimesimama nje, cha miguu minne, mbao yake bado inang'aa. Vya ndani vyote vilikuwa vimetolewa. Fundi aliniambia anakiuza kama kabati ya vikombe. Niliinama kama mtu anayekagua mbao, kumbe nilitaka kunusa tu. Vanishi ya kinanda ikipigwa na jua ina harufu yake, kitu kati ya asali na mafuta ya taa, na harufu hiyo ilinifikisha nyumbani kabla fundi hajamaliza kutaja bei.

Wenzangu wa rika langu mnajua ninasema kinanda gani. Si kile cha kanisani. Ni redio kubwa kama sanduku la nguo, ina mfuniko juu, na ukiufunua unakuta mahali pa kuchezesha sahani za nyimbo. Mbele kuna kitambaa cha spika chenye nyuzi za rangi ya dhahabu. Nyumba iliyokuwa nacho ilijulikana kilima kizima, na watoto wa nyumba hiyo walitembea namna yao.

Kwetu ni chini ya Gakindu, mahali ambapo kahawa inashuka mpaka mtoni, na ukivuka mto unaanza kupanda kahawa ya watu wengine. Mwaka ninaousema kahawa ililipa vizuri. Watu waling'oa nyasi kwenye mapaa wakaweka mabati, na asubuhi ukungu ukiisha ungeona ng'ambo kunametameta hapa na pale. Mama alikuwa katika kikundi cha akina mama cha mabati. Kila mwezi walichanga, wakamnunulia mmoja wao mabati, na siku ya kuyapeleka waliyabeba mgongoni kutoka barabarani hadi nyumbani kwa mwenyewe, wakiimba njia yote. Mama ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alianza peke yake, sauti ikitoka kifuani, halafu wale wengine thelathini wakaitikia. Hakuwa na cheo kingine duniani. Hakuwa mwenyekiti wala mweka hazina, na kanisani alikaa benchi la nyuma. Lakini mabati hayakuondoka barabarani kabla mama hajafungua kinywa.

Siku baba aliporudi kutoka kiwanda cha kahawa na malipo, alikunywa chai yake mpaka ikaisha, kisha akasema atanunua redio. Mimi nilikuwa na miaka minane na moyo wangu ulipanda juu kama moshi. Nilikuwa na ndoto ya kuwa mtangazaji. Tayari nilikuwa nawatangazia mbuzi wetu habari kupitia kopo la mafuta ya kupikia, nani amezaa, nani amepotea, mvua itanyesha wapi. Sasa nilijiona nimekaa mbele ya kinanda cha kweli, najifunza sauti za wakubwa.

Mama aliuliza redio ya pesa ngapi. Baba akasema hajui, ataona huko dukani. Mama akasema yeye anajua: isizidi mia mbili, kwa sababu kuna ng'ombe wa gredi tuliyeahidiana, na redio haitoi maziwa. Baba akasema redio ya mia mbili inalia kama mbu. Mama akauliza yeye anataka ilie kama nini. Kutoka hapo wakawa wanavutana kila siku, bila kelele, kama watu wanaovuta kamba huku wanaongea mambo mengine. Baba angepanda mpaka mia tano wakati wa kupalilia, na mama angemshusha mpaka mia mbili na hamsini wakati wa kula.

Nyanya yetu, ambaye tulimwita cucu, aliishi nyumba ya pili hapo hapo bomani. Yeye bei ya kitu hakuielewa mpaka ageuziwe iwe mbuzi. Baba alimweleza kwamba redio ndogo ni kama mbuzi watatu, na kinanda cha miguu, ambacho alikiona Nyeri, ni kama mbuzi kumi na wanane. Cucu aliacha kumenya viazi.

"Kumi na wanane," alisema. "Na hiyo kitu inazaa?"

Baba alicheka mpaka akatoka nje. Lakini hakusema kwamba ameacha.

Hapa lazima nieleze jambo la salamu, kwa sababu wale waliokulia mjini wanaweza kuliona dogo. Kwetu mtu akipita njiani akuone ndani ya kahawa, anakupigia salamu kwa sauti kutoka huko huko barabarani. Wewe unasimama, unanyoosha mgongo, unamwitikia, unamuuliza watoto, unamuuliza ng'ombe, ndipo kila mtu anarudi kwa kazi yake. Hata ng'ambo ya mto watu walisalimiana hivyo. Kumsikia mtu na kunyamaza ni sawa na kumfungia mlango usoni. Hakuna mtu hufanya hivyo kwa bahati mbaya.

Basi siku moja nilikuwa kwenye foleni ya kupima kahawa pale kiwandani, nimekalia gunia letu, harufu ya maganda yaliyooza imejaa puani. Mbele yangu alisimama Mama Njeri, jirani yetu wa upande wa juu, mwanamke mrefu wa maneno mafupi. Hakuniona. Alikuwa anamwambia mwenzake kwamba Mama Kariuki, yaani mama yangu, kwa maana Kariuki ni kaka yangu mkubwa, siku hizi haitikii salamu. Amempigia mara ya kwanza, mara ya pili, mtu ameinama tu anachuma kahawa. Yule mwenzake akasema hata yeye, pale mtoni. Mama Njeri akamaliza maneno: "Ni pesa ya kahawa. Imemziba masikio."

Mtoto wa miaka minane husikia jambo kama lilivyo. Niliamini kwamba pesa ikiwa nyingi nyumbani humziba mtu masikio, kama vile maji baridi huleta kikohozi. Na nikifikiria niliona ni kweli. Hata mimi mama alikuwa ananiacha niite mara tatu. Zamani nikilia tu nyuma ya nyumba alijua nimekanyaga mwiba wa mguu gani. Sasa ningeweza kusimama nyuma yake jikoni nikisema njaa, na yeye anageuza githeri kwenye chungu kana kwamba mimi ni upepo. Nilikuwa nimeanza kufikiri hanipendi. Ilinituliza kidogo kujua kwamba ni ugonjwa wa pesa.

Hapo mtaelewa kwa nini mimi, ambaye nilikitaka kinanda kuliko mtu yeyote katika wilaya ile, nilianza kukipinga. Kama malipo ya kahawa tu yalimfanya mama asisikie salamu, kitu cha mbuzi kumi na wanane kitamfanya nini? Nilimwambia baba vinanda vikubwa huvuta radi. Nikamwambia panya huzaa ndani yake. Nikamwambia mwalimu wetu ana redio ndogo sana na bado ni mwalimu. Baba aliniangalia kwa mshangao, akasema, "Maitu, kwani mama yako amekuhonga?" Aliniita hivyo, maitu, mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la cucu.

Tulienda Nyeri siku ya Jumamosi, baba, mama na mimi. Baba alivaa koti la harusi za watu. Mama alifunga pesa za ng'ombe kwenye kitambaa akakiweka kifuani, si za kutumia, ila hakutaka kuziacha nyumbani.

Duka lilikuwa la mzee wa Kihindi mwenye miwani, mtu mpole, aliyeongea Kiswahili chake na Kikikuyu kidogo cha kuuzia. Baba, kwa kuheshimu maneno ya nyumbani, aliomba kwanza ile redio ndogo. Mzee akaiweka kwenye meza ya duka akaifungulia. Kulikuwa na mtu anasoma habari. Baba akamwomba apandishe sauti, akapandisha. Akamwomba apandishe tena. Mzee akasema, "Bwana, ikipanda zaidi italia vibaya, iko kifua kidogo." Mama alikuwa amesimama hatua mbili kutoka mezani, mikono imefungana mbele, anatikisa kichwa polepole kama mtu anayekubaliana na habari.

Niliona kwamba baba hakuwa anaangalia redio. Alikuwa anamwangalia mama.

Halafu yule mzee alitaka kutuonyesha mahali mawe ya betri yanapokaa. Aliizima redio, akaigeuza, akafungua mgongo wake. Duka likawa kimya, nikasikia hata baiskeli nje. Na mama, ambaye mgongo wa yule mzee ulimziba asione, akaendelea kutikisa kichwa. Akasema, "Iko sawa. Sauti yake inatosha."

Mzee wa duka alimtazama baba, baba akatazama chini. Mimi nilidhani ugonjwa umeshazidi, hapo hapo mbele ya watu, na bado hatujalipa kitu. Nilimshika baba koti.

"Baba, tununue hii ndogo twende," nilisema. "Ukinunua ile kubwa mama atazibwa kabisa."

Baba alinipeleka kando, karibu na mlango, akachuchumaa. Aliniuliza azibwe na nini. Nikamweleza yote, foleni ya kiwandani, salamu, pesa ya kahawa, na vile Mama Njeri alivyosema. Sikumbuki kama nililia. Ninakumbuka uso wa baba ukiwa karibu na wangu. Kumbe yeye alijua juu ya masikio. Alijua tangu ile homa kali iliyomlaza mama baada ya kumpoteza mtoto aliyenifuata. Ndiyo maana alitaka redio yenye kifua. Kitu ambacho hakujua ni hiki cha salamu. Wanaume wa kwetu hawaambiwi maneno ya foleni.

Aliinuka akaenda kwa mama, akasimama mbele yake kabisa, akaongea polepole ili mama auone mdomo wake. Nilisikia kwa sababu ilibidi aongee kwa nguvu, na yule mzee wa Kihindi akajifanya anapanga soksi. Baba alimuuliza kama anajua watu wanasema anajivuna.

"Ninajua," mama alisema.

"Na unanyamaza?"

"Afadhali waseme ninajivuna," mama alisema. "Mwenye kujivuna bado anaweza kuanzisha wimbo. Kiziwi atawekwa nyuma ashike mabati tu."

Baba alivua kofia akaivaa tena. Kisha alimshika mama mkono, jambo ambalo sijawahi kuwaona wakilifanya kabla ya siku hiyo wala baada, akampeleka hadi kwenye kona ambako kinanda cha miguu minne kilikuwa kimefunikwa na shuka. Mzee aliacha soksi zake akaja, akafunua, akaweka sahani. Ulikuwa muziki wa gitaa, na besi yake ilifanya vioo vya duka vitetemeke. Mama aliegemeza viganja viwili juu ya mbao. Alikaa hivyo mpaka sahani ikaisha, na mzee akaigeuza upande wa pili bila kuambiwa.

"Kuna kitu kinatembea humu ndani," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na juu yake nasikia mtu. Nasikia mwanaume anaimba."

Aliuliza bei. Baba akamwambia, bila kuigeuza kuwa mbuzi. Mama akasema cucu atakufa. Baba akatoa zake akazihesabu, na hazikutosha. Alikuwa amekuja na mia saba, akitumaini maneno yake yatafanya kazi iliyobaki. Alijaribu kumshusha yule mzee, na mzee alishuka kidogo, akaongeza sahani mbili za bure, akasema chini ya hapo atakuwa anauza duka lake.

Mama ndiye aliyemaliza. Aliingiza mkono kifuani akatoa kitambaa, akakifungua fundo kwa meno.

"Ng'ombe atangoja," alisema. "Yeye hajazoea kuja kwetu."

Kwa hiyo mkiniuliza nani aliamua bei ya kinanda chetu, nitasema ni yeye aliyesema mia mbili. Na mwaka ule tulinunua maziwa kwa kikombe kutoka kwa majirani, na mimi nilivaa viatu vya Kariuki vilivyojazwa magazeti. Sitasema haikuuma.

Kinanda kilifika kwa pikapu ya kiwanda mpaka barabarani. Kutoka hapo wanaume wanne walikibeba kwa miti mpaka nyumbani, kama wanavyobeba mgonjwa kwenda hospitali, na betri ya gari ikafuata nyuma kwa kichwa cha Kariuki. Stima hatukuwa nayo. Betri hiyo ilikuwa ikipelekwa Mukurweini kuchajiwa kila baada ya wiki mbili, na ilipokuwa imeenda tulikaa tu tunakiangalia kinanda. Cucu alikizunguka mara moja. Akasema kwa mbuzi kumi na wanane angetarajia kiwe na macho.

Jumapili baada ya kanisa wanawake walikuja kukiona. Hiyo ni desturi, kitu kipya hakikai nyumbani bila kunywewa chai. Walikuja karibu kikundi kizima, kila mmoja na kiondo chake, huyu ndizi, huyu unga. Walikuwa na adabu lakini nilijua wamekuja na maneno yao mioyoni. Walikaa. Baba aliweka sahani. Mama alimimina chai akaenda kusimama pembeni mwa kinanda, kiganja juu ya mbao, mgongo kuelekea mlango wa jikoni, na mabega yake yalikuwa yakicheza kidogo.

Mama Njeri alichelewa. Aliingia kwa mlango wa jikoni kama jirani, akasimama nyuma ya mama, akasalimia. Mama hakugeuka. Mama Njeri aliinua sauti akasalimia mara ya pili, na safari hii hata waliokuwa uani walisikia. Vikombe vilisimama hewani. Niliona wanawake wawili wakitazamana kwa namna ya kusema, si tulisema. Nilitaka kukimbia kumvuta mama gauni.

Ni baba aliyeinua sindano kutoka kwenye sahani. Mbao ikafa chini ya kiganja cha mama, naye akageuka kuona kimeharibika nini, akamkuta Mama Njeri amesimama pale na nyumba nzima inamtazama yeye.

Alielewa. Ningeweza kusema alilia, lakini hakulia. Alifuta kiganja kwenye gauni.

"Umenisalimia?" aliuliza.

"Mara mbili," alisema Mama Njeri.

"Sikusikia. Hata ile ya kahawani sikusikia. Hata za mtoni." Alitazama wale wengine waliokaa. "Mimi sijivuni. Masikio ndio imeisha. Hii kitu ilinunuliwa kubwa kwa sababu ndogo siwezi kusikia."

Cucu, ambaye hata yeye hakuwa ameambiwa, aliweka kikombe chake chini polepole. Mama akaendelea, na nilijua hilo ndilo alilokuwa analiogopa tangu mwanzo, kwa sababu alilisema haraka kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe. Alisema wiki ijayo kuna mabati ya kupelekwa kwa Mama Wahome kule mtoni, na watafute mwingine wa kuanzisha nyimbo.

Mama Njeri alizunguka mpaka akasimama mbele ya mama, uso kwa uso. Alifikiria. Alikuwa mtu wa kufikiria wazi wazi, mdomo ukisogea.

"Kwani anayeanzisha humsikiliza nani?" alisema, polepole na kwa nguvu. "Si sisi ndio humsikiliza?"

Nadhani mama hakuamini kwamba ameona sawa. Mama Njeri akarudia. Halafu akasema kuna tatizo moja tu, mama hatajua kiitikio kimeisha lini, na kwa hilo yeye atatembea karibu naye amfinye mkono. Kisha alikaa, akaomba chai, akauliza kama kinanda hiki kinaanza chenyewe au kinangojea mgeni aondoke. Watu wakacheka, na baba akarudisha sindano.

Siku ya Mama Wahome nilikuwepo, nilikuwa nimebeba misumari kwenye kopo. Mabati yalipangwa mgongoni mwa wanawake pale barabarani, bado yana ubaridi wa asubuhi, na wote wakamngojea mama. Alichelewa kuanza. Mama Njeri alikuwa tayari amemshika kifundo cha mkono. Ndipo mama akafungua kinywa, na kwa kuwa hakuweza kujisikia vizuri, aliuanza wimbo juu sana, juu kuliko alivyowahi kuuanza, mahali ambapo hakuna mwanamke wa kilima chetu aliyekuwa na sauti ya kufika.

Wakasita, kama watu wanaotazama ngazi. Wangeweza kuushusha. Ni kitu rahisi, kila kwaya hufanya. Lakini Mama Njeri alivuta pumzi, akaitikia huko huko juu, shingo imetoka mishipa, na wengine wakapanda nyuma yake, wanapasuka sauti, wanacheka, mabati yanagongana mgongoni. Wakateremka nao hivyo mpaka mtoni.